Vyuo binafsi vya Marekani: namna ya kukichunguza chuo kabla hujatuma maombi

Mwaka jana, mwishoni mwa Machi, binti wa dada yangu alinitumia usiku picha za barua mbili za udahili, na chini yake ujumbe wa sauti: "Mama mdogo, hawa wa kwanza wamenipa elfu thelathini! Elfu thelathini za dola!" Alikuwa anahema kama aliyetoka mbio. Nilimpa hongera, nikamwambia alale, kesho tuzisome pamoja.

Kesho yake tulichukua karatasi na kalamu. Chuo cha kwanza, gharama zote za mwaka, yaani ada, bweni, chakula, bima ya afya na vitabu, zilikuwa dola 79,400. Toa 30,000, zinabaki 49,400. Chuo cha pili, ambacho barua yake alikuwa hata hajaimaliza kuisoma, gharama zilikuwa 46,200 na ufadhili 27,500. Chini ya ufadhili waliandika "ajira ya chuoni" 2,400, wakapiga hesabu kwamba anadaiwa 16,300. Nikamwambia hiyo 2,400 ifute kwanza. Ni mshahara atakaoupata akishafanya kazi maktaba au jikoni, unaingia kidogo kidogo, na bili ya Agosti haiusubiri. Deni la kweli ni 18,700. Tukazidisha kwa miaka minne: kule 197,600, huku 74,800, na hapo bado bei hazijapanda. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa mbona hawa wa kwanza ndio walioandika hongera kwa herufi kubwa?"

Barua za namna hiyo nimezichapa mwenyewe. Nilisoma katika chuo kidogo binafsi huko Ohio, kisha nikafanya kazi miaka sita katika ofisi ya msaada wa kifedha ya chuo kingine. Nilichojifunza pande zote mbili za dirisha ni kwamba karibu kila kitu unachohitaji kujua kuhusu chuo binafsi cha Marekani kimeandikwa mahali, bure, wazi kwa kila mtu, ila si kwenye kipeperushi. Waombaji wachache mno huzifungua karatasi hizo. Nataka uwe mmoja wao.

Kwanza jua ni chuo cha namna gani

Chuo binafsi maana yake hakiendeshwi na serikali ya jimbo. Uhuru huo una mizizi mirefu. Mwaka 1816 jimbo la New Hampshire lilitaka kukichukua chuo cha Dartmouth na kukifanya cha umma. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1819 mahakama ikaamua kwamba hati ya chuo ni mkataba, jimbo haliwezi kuuvunja. Tangu hapo vyuo hivi hujiamulia vyenyewe nani adahiliwe, alipe nini, asamehewe nini. Kwako wewe unayetoka nje hilo lina uzito mkubwa: chuo cha umma humtoza mgeni zaidi ya mwenyeji wa jimbo, na mara nyingi hakina fungu kubwa la kumsaidia. Chuo binafsi kwa kawaida huwa na bei moja kwa wote, na fedha za kukupunguzia zinatoka mfukoni mwake, hasa kwenye wakfu wake, yaani mali iliyowekezwa miaka mingi kutokana na michango ya wahitimu na wafadhili.

Lakini ndani ya neno "binafsi" kuna makundi mawili ambayo usiyachanganye. Vipo visivyo vya faida, ndivyo hivi ninavyovizungumzia, na vipo vya kibiashara vyenye wenye hisa. Hivyo vya kibiashara kaa navyo mbali. Vikubwa viwili, Corinthian na ITT Tech, vilifungwa mwaka 2015 na 2016, vikaacha maelfu ya wanafunzi na madeni.

Majina nayo yatakupoteza usipoangalia. University of Pennsylvania ni ya binafsi, lakini Penn State ni ya umma. Miami University iko Ohio na ni ya umma, University of Miami iko Florida na ni ya binafsi. Washington University haiko Washington, iko St. Louis. Neno "college" nalo halimaanishi chuo cha hadhi ya chini. Dartmouth inajiita college mpaka leo, na Boston College ni chuo kikuu kamili chenye shahada za uzamivu.

Vile vinavyojiita vyuo vya sanaa huria ndivyo watu wetu wasivyovijua kabisa, na ndivyo ninavyovipenda zaidi. Usidhani ni vyuo vya uchoraji. Vinafundisha fizikia, uchumi, biolojia, historia, vyote, ila vina wanafunzi elfu moja mbili tatu hivi, na karibu wote ni wa shahada ya kwanza. Maana yake profesa hana wanafunzi wa uzamivu wa kumfanyia utafiti, kwa hiyo anakuchukua wewe. Mimi mwaka wa pili nilikuwa maabara na profesa wangu tukipima fosforasi kwenye maji ya mto, watu wawili tu na ndoo. Amherst, Williams, Swarthmore, Pomona na Grinnell ni vya kundi hilo. Kasoro yake: vingi havina uhandisi. Swarthmore, Smith na Harvey Mudd wanao. Ukitaka uhandisi, hilo ndilo swali la kwanza.

Usiogope udogo, maana vingine vimeungana. Huko Claremont, California, vyuo vitano vya shahada ya kwanza vimekaa ukuta kwa ukuta, na mwanafunzi wa kimoja husoma madarasa ya vingine. Amherst, Smith na Mount Holyoke wana mpango kama huo pamoja na chuo cha umma cha University of Massachusetts Amherst.

Kuna vyuo vya wanawake: Wellesley, Bryn Mawr, Mount Holyoke kilichoanza mwaka 1837. Kuna vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, na vingi mashuhuri kati yake ni vya binafsi: Howard mjini Washington, Spelman na Morehouse mjini Atlanta. Kuna vya dini, na hapa soma masharti ya maisha kabla ya yote. Georgetown ni ya Wajesuti na inapokea watu wa imani zote bila kuwabana sana. Brigham Young University ya Wamormoni ina kanuni inayokataza pombe, kahawa na hata mambo ya ndevu, na asiye muumini wao hulipa ada mara mbili ya muumini, ingawa hata hiyo ni nafuu ukilinganisha na kwingine.

Kabla hujaniambia hujawahi kukisikia chuo fulani, kumbuka Wangari Maathai. Alipofika Marekani mwaka 1960, alisoma katika chuo cha wasichana cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Mji mdogo kando ya mto Missouri. Alihitimu biolojia mwaka 1964, akaenda kusoma uzamili Pittsburgh, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Chuo chenyewe kiliungana na cha jirani mwaka 1971 na sasa kinaitwa Benedictine College. Ungemuuliza mtu yeyote mtaani mwaka ule, nani alikuwa anakijua?

Fedha

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi huumia.

Bei iliyotangazwa hulipwa na wachache. Wastani wa ada peke yake katika vyuo binafsi visivyo vya faida, mwaka wa masomo 2024 hadi 2025, ulikuwa dola 43,350 kwa hesabu za College Board, shirika linaloendesha mtihani wa SAT. Vyuo maarufu, ukijumlisha bweni na chakula, vimeshapita 80,000. Lakini vyuo vingi vya binafsi humpunguzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kiasi kikubwa cha ada, kwingine zaidi ya nusu. Kwa hiyo usikiache chuo kwa sababu ya bei ya kwenye tovuti, na usikifurahie kwa sababu ya ukubwa wa ufadhili. Tafuta namba moja: utakachobaki ukidaiwa.

Wewe usiye raia wala mkazi wa kudumu huna haki ya msaada wa serikali kuu. Fomu ya FAFSA, ya kuuomba msaada huo, utakayoisikia kila kona, si yako. Unategemea fedha za chuo chenyewe, na vyuo vimegawanyika katika namna vinavyowatazama wageni.

Vipo vichache ambavyo haviangalii uwezo wako wa kifedha wakati wa kuamua kukudahili, hata kama unatoka nje, na wakishakudahili hulipia pengo lote la uhitaji wako, yaani tofauti kati ya gharama na kile wanachoona familia yako inaweza kulipa. Kwenye tovuti tafuta maneno "need-blind" yakiwa yameambatana na neno "international". Bila hilo neno la pili, ahadi hiyo huenda ni kwa Wamarekani tu. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin wamo. Omba, lakini elewa kwamba vyuo hivyo hudahili chini ya waombaji 10 katika kila 100.

Vipo vinavyoangalia uwezo wako wakati wa kuamua, lakini wakikuchukua hulipa pengo lote. Hapa ukiomba fedha nyingi nafasi yako inapungua, ila ukiingia umeingia kwa usalama. Vyuo vingi vizuri vya sanaa huria viko hapa.

Na vipo, ndivyo vingi zaidi, vinavyotoa ufadhili wa alama: dola 15,000, 20,000, 30,000 kwa mwaka, kiwango maalumu bila kujali una nini nyumbani. Hivi hudahili watu wengi. Binti wa dada yangu barua zake zote mbili zilitoka huku.

Sasa fungua karatasi. Andika jina la chuo kwenye kitafutio, kisha ongeza maneno Common Data Set na mwaka. Ni dodoso moja ambalo vyuo vingi hujaza kila mwaka na kuliweka kwenye tovuti, kurasa thelathini na kitu hivi, bila picha hata moja. Nenda moja kwa moja sehemu ya H, kipengele H6. Hapo chuo kinajibu kama kinawapa fedha wanafunzi wasio wakazi wa Marekani, wangapi walizipata mwaka huo, na wastani wa kila mmoja ni dola ngapi. Kisha rudi sehemu ya B, utazame idadi ya wanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza. Gawanya. Chuo chenye wageni 200 ambacho wageni 180 wanasaidiwa kwa wastani wa dola 40,000 ni chuo kimoja. Chuo chenye wageni 900 ambacho 40 tu ndio wanasaidiwa ni kingine kabisa, hata kama ukurasa wa mbele una bendera za nchi zote duniani. Cha pili wageni ndio wanaokilisha.

Ukiwa umelifungua dodoso hilo, tazama pia sehemu ya C, kipengele C7, chuo kinaposema kinapima nini kwa uzito gani: alama, insha, mitihani, barua za walimu. Na sehemu ya I, ukubwa wa madarasa. Ukiona madarasa mengi yana watu zaidi ya 50, basi lile neno "familia" la kwenye kipeperushi lipime upya.

Kikokotoo cha gharama kilichoko kwenye tovuti ya kila chuo kipo kwa amri ya sheria, tangu mwaka 2011, lakini vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani. Ukikijaza na kikakuletea ruzuku ya serikali kuu, jibu hilo halikuhusu. Waandikie ofisini uulize kama wana cha wanafunzi wa kimataifa.

Halafu soma masharti ya ufadhili, ukurasa wa pili, ule wa maandishi madogo. Hili naliandika kwa uchungu. Ufadhili wangu wa Ohio ulidai wastani wa alama wa 3.2 kati ya 4 kila mwisho wa mwaka. Nilipouliza kwa simu kabla ya kukubali, sauti ya upole iliniambia karibu kila mtu huufikia. Muhula wa kwanza nikachukua kemia, kalkulasi, na darasa la uandishi ambalo lugha yake ilikuwa bado inanitoa jasho. Mwezi wa Mei nilikuwa na 3.16. Dola elfu tisa kwa mwaka zikaondoka kwa sababu ya alama nne za mia. Nilimaliza, kwa kuosha masufuria jikoni kwa chuo, saa 20 kwa wiki ambazo ndizo mwisho kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, wakati wa muhula, na kwa wema wa watu ambao sitawasahau. Kwa hiyo uliza kwa maandishi, si kwa simu: Ufadhili huu unahitaji wastani gani? Mwaka uliopita ni wangapi waliupoteza? Nikishuka, napewa muhula mmoja wa kujirekebisha? Ada ikipanda, ufadhili unapanda nao? Chuo chenye nia njema hujibu. Mahali nilipofanya kazi tulijibu maswali kama haya kila wiki, na aliyeuliza hakuonekana msumbufu hata siku moja.

Siwezi kuacha kukitaja Berea, Kentucky. Kilianzishwa mwaka 1855 kikiwafundisha weusi na weupe pamoja katika jimbo lililokuwa na utumwa, na zaidi ya karne sasa hakitozi ada. Kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki. Kinachukua wageni wachache mno kila mwaka, na kinawatafuta wale ambao kweli hawana. Kama ndiyo hali yenu, usikipite.

Je, chuo kitakuwepo mpaka umalize?

Swali hili zamani lilionekana la ajabu. Tarehe 31 Mei 2024, University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza kwamba inafunga, na wiki moja baadaye, tarehe 7 Juni, ikafunga. Siku ile ile ya 31 Mei, Birmingham-Southern ya Alabama nayo ilifunga milango baada ya miaka zaidi ya 160. Vyuo vidogo visivyo na wakfu mkubwa vinategemea ada, na vijana wa kuvijaza wanapungua. Mwanafunzi wa Kimarekani chuo kikifungwa anarudi kwao, anaanza upya kwingine. Wewe viza yako imefungwa kwenye chuo hicho hicho, inabidi uhamishiwe haraka, na ufadhili uliopewa hauna anayelazimika kuuheshimu.

Ingia kwenye College Navigator, tovuti ya serikali. Tafuta chuo, uone mambo matatu: idadi ya wanafunzi, asilimia ya wa mwaka wa kwanza waliorudi mwaka wa pili, na asilimia waliomaliza. Kisha tafuta ripoti za miaka ya nyuma, au dodoso lile lile la zamani, ulinganishe idadi. Chuo kilichokuwa na wanafunzi 1,400 na sasa kina 850 kina jambo. Waliorudi wakiwa chini ya 70 kwa 100, nami ningeuliza wanakimbia nini.

Vyuo visivyo vya faida, isipokuwa baadhi ya vile vya makanisa, huwasilisha kila mwaka fomu ya kodi namba 990, nayo iko wazi kwa umma. ProPublica, shirika la habari, wanazo nyingi kwenye tovuti yao bila malipo. Huhitaji uhasibu. Tazama mstari wa mapato ukitoa matumizi, miaka mitano mfululizo. Mwaka mmoja wa hasara si ugonjwa. Miaka minne kati ya mitano ni ugonjwa.

Ithibati ni lazima. Kila chuo cha maana kina ithibati ya shirika linalotambuliwa na Idara ya Elimu ya Marekani, kama NECHE kwa vyuo vya New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, au Higher Learning Commission kwa vingi vya katikati ya nchi. Usiishie kwenye neno "kina ithibati" lililoandikwa na chuo chenyewe. Nenda kwenye tovuti ya shirika hilo, tafuta chuo, uone kama kimepewa onyo au kimewekwa chini ya uangalizi. Barua za onyo huwekwa hadharani, na sababu zake huandikwa waziwazi. Vilevile hakikisha kiko kwenye orodha ya serikali ya shule zilizoruhusiwa kupokea wanafunzi wa F-1. Kisipokuwemo, hakiwezi kukupa fomu ya I-20, na bila hiyo huombi viza.

Kukichungulia kwa ndani

Tuseme vimebaki vyuo kumi na tano kwenye orodha yako. Sasa soma gazeti la wanafunzi la kila kimoja, la mwaka mzima. Ndiko utakakokuta ukungu wa bwenini, idara iliyopunguzwa walimu, mgomo wa chakula, na pia furaha zao za kweli. Soma ratiba ya madarasa ya muhula, usiishie kwenye orodha ya kozi zote. Orodha ile ina kozi ambazo hazijafundishwa miaka mitatu. Ratiba inakuonyesha kama hiyo kozi ya takwimu unayoitaka ipo muhula huu, ina nafasi ngapi, na kama imejaa.

Andikia idara, siyo ofisi ya udahili tu. Barua fupi: jina lako, darasa lako, jambo moja unalolipenda kwenye somo hilo, na swali moja. Mimi niliwahi kuuliza profesa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kugusa vifaa vya maabara. Alijibu siku hiyo hiyo, aya tatu, na jina la mwanafunzi wa kwenda kuzungumza naye. Nilikichagua chuo kwa sababu ya barua ile. Ukiandika kwa idara mbili tatu za chuo kimoja na kimya kikatawala mwezi mzima, nako umejibiwa.

Omba kuunganishwa na mwanafunzi wa kigeni aliyeko mwaka wa tatu, kisha muulize mambo yasiyo na majibu ya kipeperushi. Bweni linafungwa likizo ya Desemba? Kama linafungwa, unalala wapi, na nani analipa? Bima ya afya ya chuo ni kiasi gani, na inalipia meno? Duka la vyakula liko umbali gani bila gari? Nani anakupokea uwanja wa ndege? Likizo ya kwanza mimi nililala wiki tatu kwenye sofa la familia ya mtu niliyemfahamu kwa miezi mitatu tu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jengo lingefungwa tarehe 18 saa sita mchana.

Ukibahatika kufika mwenyewe, ziara ya kuongozwa ifanye, ina manufaa yake, lakini baki baada yake. Kaa kwenye ukumbi wa chakula saa ya mchana uangalie nani anakaa na nani. Soma ubao wa matangazo kwenye jengo la sayansi: mabango ya utafiti yaliyobandikwa yana majina ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, au ya walimu peke yao? Tembea maktaba saa nne usiku. Kaa nyuma ya darasa moja, kwa ruhusa, na uhesabu ni wanafunzi wangapi walifungua midomo.

Maombi yenyewe

Vyuo vingi vya binafsi hupokea maombi kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumwa vyuo vingi, inayofunguka tarehe 1 Agosti na kukuruhusu vyuo 20. Insha kuu ina kikomo cha maneno 650. Usiombe 20. Nane mpaka kumi vinatosha: viwili vya ndoto, vitatu vinne ambavyo H6 yao inakuambia wageni wanasaidiwa kweli, na vilivyobaki vyenye ufadhili wa alama unaouona kabisa kwenye jedwali lao. Mitihani ya SAT, ile ya kuombea vyuo, kwingi ni hiari, ila baadhi wameirudisha, MIT mwaka 2022 na Dartmouth mwaka 2024, kwa hiyo tazama chuo kwa chuo. Vingi havitozi ada ya kuomba, na vingi vinavyotoza husamehe ukieleza hali yako.

Uamuzi wa mapema unaofunga, ule wa Novemba, unakulazimu kwenda wakikuchukua. Unaongeza nafasi, lakini unapoteza uwezo wa kulinganisha barua. Kama fedha ndiyo itakayoamua, utumie tu kwa chuo kinacholipa pengo lote la wageni. Kwingine omba kawaida, kwa tarehe za mwanzoni mwa Januari.

Msaada wa fedha uombe pamoja na udahili, siku hiyo hiyo. Vyuo vingi huwaambia wageni wazi kwamba asiyeomba wakati wa kuingia hatapewa baadaye. Fomu yao mara nyingi ni CSS Profile. Ina maswali marefu kuhusu kipato, mifugo, nyumba, ndugu mnaowalipia. Andika ukweli wote, pamoja na wale wanaokula kwenu ambao si watoto wa baba na mama. Tulikuwa tunavisoma hivyo vipengele, na vilibadilisha hesabu.

Barua zikishakuja

Utakuwa na mpaka tarehe 1 Mei kwa kawaida kuamua. Kama pengo ni dogo, andika kuomba waangalie upya. Tulimsaidia binti wa dada yangu kuandika ukurasa mmoja kwa kile chuo cha pili: alishukuru, akaeleza kwamba mdogo wake ameingia sekondari na ada yake haikuwemo kwenye fomu ya awali, akaambatisha barua ya shule, akataja kiasi kamili alichopungukiwa. Hakulia, hakutisha. Siku tisa baadaye wakaongeza dola 3,000 kwa kila mwaka. Sikushangaa. Ofisi nyingi hubakiza fungu kidogo kwa ajili ya Aprili.

Ukishakubali, watakutumia I-20. Linganisha jina lako na pasipoti herufi kwa herufi, kisha utazame kiasi cha gharama na kiasi cha ufadhili kama vinafanana na barua. Ndipo ulipe ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, na kujaza maombi ya viza. Kabla ya kulipa chochote, fungua tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako usome masharti ya siku hiyo, maana yanabadilika kwa nchi na kwa mwaka. Vituo vya EducationUSA, vinavyofadhiliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri bure. Hakuna haja ya kumlipa wakala.

Na vile vyuo usivyovichagua, waandikie siku hiyo hiyo mistari miwili ya kukataa kwa shukrani. Pale ofisini kwetu, barua kama hiyo ikiingia tarehe 20 Aprili, dola zile tulizirudisha kwenye meza alasiri hiyo hiyo, na mtoto mmoja wa orodha ya kusubiri akapigiwa simu.